Msimu gani unatufaa kwenda Ziwa Tanganyika, sisi tunaotoka Bagamoyo?

Mtoa mada

Wanajamvi, assalaam alaikum, na habari za wakati huu.

Kila mwaka masika inapokaribia kuisha, hapa Bagamoyo huanza mazungumzo ya safari ya Kigoma. Wapo wanaokwenda kwa harusi na misiba ya ndugu waliohamia huko, na wapo wanaotaka kuliona ziwa lenyewe, Gombe na Ujiji. Na kila mwaka nasikia ushauri uleule: subirini masika ipite halafu mwende wakati wowote, au nendeni Januari na Februari kwa sababu huo ndio wakati wa jua. Ushauri huo unamfaa mtu anayekuja Bagamoyo. Anayekwenda Ziwa Tanganyika unaweza kumharibia safari, na kwa kuwa nauli ni kubwa na wengi wetu tunakwenda huko kwa nadra, nimeona niliandike jambo hili kwa urefu.

Tuanze na mvua. Sisi wa pwani hii tuna misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na katikati yake tuna Januari na Februari za jua kali na upepo wa kaskazi. Kigoma ina msimu mmoja tu wa mvua, sawa na Tabora, Katavi na Rukwa. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, hukolea Desemba, na haziachi hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa hiyo Januari, wakati sisi tunaanika nazi uani bila wasiwasi ili zipate kuwa mbata, mwenzetu wa Ujiji yuko katikati ya msimu wake wa mvua, na radi kwake ni jambo la kawaida. Kinyume chake, kuanzia Juni hadi Agosti Kigoma huwa karibu haina mvua kabisa, ilhali Bagamoyo manyunyu yanaweza kutukuta hata Julai.

Njia nayo ina kalenda yake, na mji wetu una historia yake katika hilo, kwa sababu hapa ndipo palipokuwa mlango wa misafara ya Ujiji. Stanley alipotoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, aliondoka Machi 1871, yaani masika inapoanza. Alipovuka Morogoro aliikuta mbuga ya Mkata imegeuka kuwa kinamasi, wapagazi wake wakatembea ndani ya maji na matope, wanyama wake wa mizigo wakafa, na homa na kuhara vikawapunguzia nguvu waliobaki. Alifika Ujiji Novemba mwaka huohuo. Msije mkadhani hayo ni ya kale tu. Reli ya kati inapita maeneo hayohayo ya Kilosa kuelekea Gulwe, ikiandamana na Mto Mkondoa, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisomba njia hiyo hata treni za kwenda bara zikasimama kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dodoma kwa saa chache, lakini kutoka hapo hadi Kigoma bado tunategemea treni ya zamani au basi, na mtu anayesafiri kati ya Desemba na Aprili asipange harusi siku moja baada ya kufika.

Sasa nije kwenye upepo, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike. Kalenda yetu ya mvua haitusaidii huko, lakini kalenda yetu ya kusi inatusaidia sana. Kusi linalovuma hapa kuanzia Mei hadi Septemba, ambalo kila mvuvi wa Dunda hapa mjini kwetu analijua, ni sehemu ya upepo mkubwa wa kusini mashariki unaoingia bara wakati huohuo na kufika hadi Ziwa Tanganyika. Na ziwa hilo limelala kwa namna inayoupa upepo huo nafasi kubwa. Urefu wake ni kilometa 670 hivi kutoka Zambia hadi Burundi, upana wake kwa wastani ni kilometa 50 tu, na pande zote mbili limebanwa na milima ya bonde la ufa. Upepo ukitokea kusini unakimbia juu ya maji masafa marefu bila kizuizi, ukiyasukuma mawimbi mbele yake. Juni, Julai na Agosti, wakati anga ni safi na watalii ni wengi, ndio wakati ambao boti ndogo hupata tabu zaidi.

Upepo huo hauishii juu. Maji ya moto ya juu husukumwa kuelekea kaskazini, na kule kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake yakiwa na rutuba iliyokuwa imelala kilindini. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya oksijeni hata samaki hawawezi kuishi, kwa hiyo rutuba inayozama huko haina njia nyingine ya maana ya kurudi isipokuwa upepo. Maji yenye rutuba yakifika kwenye mwanga, vijimea vidogo huota, vijidudu huvila, dagaa hula vijidudu, na migebuka hula dagaa. Kusi linapolegea, maji yale yaliyosukumwa hurudi, na ziwa huendelea kuyumba ndani kwa ndani kwa muda mrefu ingawa uso wake umetulia. Kwa maneno mengine, hilohilo linalomtesa msafiri wa Julai ndilo linalomlisha mkazi wa ziwa.

Kuhusu dagaa, ambao naamini nusu ya wanaosoma hapa ndio wanaowafuata, kuna mambo mawili. La kwanza ni mwezi. Uvuvi wa dagaa huko ni wa taa, zamani karabai na sasa taa za sola na betri, na taa haina nguvu juu ya maji wakati mwezi mpevu unawaka. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Ukitaka kusimama Kigoma usiku na kuona taa zimetapakaa ziwani, panga safari yako izungukie mwisho wa mwezi wa Kiislamu na mwanzo wa unaofuata, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. La pili ni ufungaji wa ziwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Ulizia kila mwaka kabla ya kukata tiketi, kwa sababu aliyefika Juni ya mwaka ule alikuta mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, imetulia, hakuna taa wala dagaa wabichi.

Naongeza kwamba dagaa wa masika na dagaa wa kiangazi hawalingani. Jua likiwa kali na mchanga mkavu, dagaa aliyeanikwa asubuhi jioni amekwisha kukauka, anang'aa kama fedha na mgongo wake umenyooka. Mvua zikinyesha, huanuliwa na kuanikwa tena na tena, rangi inageuka manjano, matumbo yanapasuka, na harufu yake unaisikia kabla hujafika mwaloni.

Wanaokwenda kuona sokwe, Gombe au Mahale, wajue kwamba kiangazi ni bora zaidi kwao. Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi yake Julai 1960, iko kilometa 16 hivi kaskazini ya Kigoma na hakuna barabara, ni majini tu. Mahale iko mbali zaidi kusini, na mlima wake Nkungwe unapita mita 2,400. Wakati wa mvua njia za milimani zinateleza, majani ni marefu, na baadhi ya kambi za Mahale hufungwa kati ya Machi na Mei. Kiangazi kinapokolea, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba, sokwe wa Mahale huonekana zaidi sehemu za chini karibu na ziwa, na mtu wa umri wangu anaweza kuwafikia bila kupanda nusu siku. Tafadhali, mwenye mafua asiende. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na huwaua, ndiyo maana mwongozaji atakuzuia usiwakaribie, na akikupa barakoa uivae bila ubishi.

Kiangazi kina kasoro moja ambayo wengi hawaisemi. Kuanzia Julai mashamba na misitu huchomwa, moshi hukaa angani juu ya ziwa, na kufikia Septemba milima ya Kongo ng'ambo haionekani kabisa. Anayefuata mandhari na picha atasikitika.

Hukumu yangu, baada ya kuyapima yote haya, ni kwamba mtu wa Bagamoyo mwenye nafasi ya kwenda mara moja aende wakati wa demani, kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, na ndani ya kipindi hicho achague siku za giza. Kusi limeanza kuchoka, mvua bado, ziwa likiwa lilifungwa limefunguliwa, dagaa wanakauka kwa siku moja, sokwe wako chini, na reli haina maji. Moshi tutauvumilia. Karibuni mchangie, hasa wenye asili ya huko.

Mama wa Magomeni

Ndugu mtoa mada, ahsante kwa maelezo. Mimi ni mama wa watoto wanaosoma, na Septemba yako kwetu haiwezekani. Likizo zetu ndefu ni mbili, Juni na Desemba. Baba yao amehamishiwa Kigoma kikazi na watoto wanataka kumwona, kuogelea, na kufika Gombe. Je, kati ya hizo mbili nichague ipi, na kuna hatari gani za kiafya ambazo nisizipuuze?

Mtoa mada

Mama yangu, chagua Juni bila kusita. Desemba ni mwezi wa mvua kubwa huko, na pamoja na mvua huja mbu. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo hata Juni msiache vyandarua, lakini Desemba na miezi inayofuata wasiwasi ni mkubwa zaidi. Juni kuna baridi ya asubuhi ambayo mtoto wa Bagamoyo hajaizoea, kwa sababu ziwa liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba masweta.

Kuhusu kuogelea, maji ya Tanganyika ni maangavu ajabu, mtoto atawaona samaki wa rangi kwenye mawe chini ya miguu yake, na samaki wengi wa aina hiyo hawapatikani mahali pengine popote duniani. Lakini muogelee kwenye fukwe zinazojulikana, kama ule wa Jakobsen karibu na Katonga, na mkae mbali na midomo ya mito na sehemu zenye matete. Huko ndiko kwenye mamba, na konokono wa kichocho nao hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Gombe ina umri wa chini wa kuruhusiwa kufuata sokwe. Ulizia ofisi ya hifadhi pale Kigoma kabla hujawaahidi watoto, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa sokwe akaishia kukaa kambini hatakusamehe upesi.

Nahodha wa Dunda

Shikamoo mtoa mada. Nimekuwa baharini tangu ujana na nimefika Kigoma kumtembelea shemeji yangu anayevua Kibirizi, mwalo ulio jirani na mji wa Kigoma. Ninakubaliana na wewe juu ya kusi, ila naomba niongeze yale ambayo mtu wa pwani anaweza kuyakosea akiwa ziwani.

Ziwa halina kupwa wala kujaa. Sisi safari zetu zote tunazipanga kwa maji, bamvua na maji mafu, na mtu akifika kule anajikuta hana cha kushika. Cha kushika ni saa. Wenyeji wanapenda kusafiri asubuhi mapema, na boti za abiria za kutoka vijiji vya kaskazini huingia Kibirizi asubuhi na kurudi mchana. Ukitaka kwenda Gombe kwa boti ya kukodi, uwe mwaloni kabla jua halijapanda.

La pili ni wimbi lenyewe. Wimbi letu la kusi ni refu, linakuinua na kukushusha, na ngalawa yenye mirengu inalimudu. Wimbi la ziwa ni fupi na limesimama, linafuatana upesi, na boti iliyopakiwa kupita kiasi haipati nafasi ya kuinuka kati ya moja na jingine. Nimeona boti imejaa magunia na watu hadi ubao wa juu umebaki kiganja kimoja tu kutoka kwenye maji. Julai hiyo si boti ya kupanda, hata ukiambiwa kwamba ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo. Vaeni majaketi ya kujiokolea mkiwa bado mwaloni. Na kabla ya kuondoka sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa wa maziwa pamoja na wa bahari.

Mwenyeji wa Ujiji

Ndugu zangu wa Bagamoyo, nimesoma kwa makini na ninawashukuru kwa heshima mliyolipa ziwa letu, ila siwezi kuacha msimu wa mvua usemwe hivyo bila kutetewa.

Mtoa mada anasema moshi tutauvumilia. Mimi nimezaliwa hapa, na nasema mgeni anayekuja Septemba analiona nusu ya ziwa. Mvua ikikatika Februari, anga huwa imeoshwa, na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo na mikunjo yake yote kama kwamba ungeweza kuifikia kwa kupiga makasia asubuhi moja. Upepo wa kusi haupo, na kati ya dhoruba moja na nyingine ziwa hutulia kuliko wakati wowote wa kiangazi. Wapiga mbizi wanaofuata samaki wa mawe wanalijua hilo. Vilima ni kijani, na Januari na Februari mvua huwa na nafuu kidogo ukilinganisha na Desemba na Machi. Nyumba za wageni nazo hazijajaa.

Najua dhoruba ni hatari, na sina nia ya kumdanganya mtu. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipovuka ziwa hili kwa mtumbwi Machi 1858, dhoruba ilimkuta usiku kambini ikakaribia kuing'oa hema yake. Alipowasha mshumaa apange vitu vyake, wadudu wakajaa hemani na mmoja akamwingia sikioni, akajaribu kumtoa kwa kisu na kujijeruhi, na kusikia kwake kukaharibika kwa muda. Huo ndio Machi wetu. Lakini dhoruba ya msimu wa mvua huonekana ikija. Wingu jeusi linajengeka, upepo wa baridi unatangulia, na mvuvi mwenye akili anapata muda wa kuelekea nchi kavu. Kusi la Julai linavuma siku nyingi mfululizo na hakuna cha kusubiri.

Jambo jingine ni kimo cha maji. Ziwa hupanda pamoja na mvua na hufika juu kabisa Aprili na Mei, kisha hushuka polepole hadi Oktoba au Novemba. Katika miaka ya karibuni limepanda kuliko kawaida, likafunika fukwe na kuingia katika baadhi ya majengo ya kando, na maji hayaondoki haraka kwa sababu mto pekee unaolitoa ni Lukuga, upande wa Kongo, na mengi hupotea kwa jua tu. Anayependa ufukwe mpana, hapo nakubali, aje Septemba au Oktoba kama mlivyosema.

Mtoa mada

Mwenyeji wetu, nimekuelewa, na juu ya anga na utulivu wa maji nakupa haki yako yote. Mtu aliyeko Kigoma tayari, anayeweza kukaa nyumbani wingu likijengeka na kutoka likipita, Februari inamfaa kuliko Julai. Lakini uzi huu niliuanzisha kwa ajili ya mtu anayetoka hapa na likizo ya wiki moja au mbili, ambaye siku mbili za mwanzo na mbili za mwisho zinakwenda njiani. Huyo hawezi kusubiri wingu lipite. Akipoteza siku tatu Kilosa kwa maji na mbili Kigoma kwa radi, amerudi bila kuliona ziwa. Kwake mimi bado nasema demani.

Kijana wa Kaole

Samahanini wakubwa zangu, nauliza mambo mawili. Kwanza, kama nia ni ziwa tu, kwa nini nisiende Nyasa, ambako nasikia Matema ni pazuri? Pili, ninataka kufika maporomoko ya Kalambo na kusafiri kwa meli ya Liemba. Je, demani inafaa kwa hayo?

Mtoa mada

Kijana, Nyasa ni ziwa zuri na Matema panasifiwa kwa haki, ila kosa la kalenda ni lilelile. Kyela, wilaya yenye Matema, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na mvua zake hurefuka hadi Mei, wakati sehemu nyingine za nyanda za juu zimekwisha kukauka. Kisha kusi hilohilo, ambalo kule huitwa mwera, linapiga ziwa kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Demani inafaa huko pia.

Kalambo ni habari tofauti na nakuomba usichanganye. Maporomoko yale yanashuka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani mwa Rukwa na Zambia, na uzuri wake unategemea maji yaliyomo mtoni. Ukienda Septemba utaona utepe mwembamba juu ya jabali kubwa. Nenda Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekoma na mto bado umejaa, na upite nchi kavu kutoka Sumbawanga, kwa sababu upande huo wa kusini ndiko kusi linakoanza mapema na kwa nguvu.

Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Ni meli inayostahili kuonwa, lakini kwa miaka ya karibuni imekaa nje ya safari zake kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo piga simu bandari ya Kigoma kwanza. Usijenge safari yako yote juu yake.

Mama wa Magomeni

Nimeamua tutakwenda wiki ya mwisho ya Juni, inshallah. Nimekubali kwamba huenda tusione taa za wavuvi. Nauliza la mwisho: ziwa likiwa limefungwa, nitapata dagaa wa kurudi nao? Mama mkwe ameshaagiza.

Mtoa mada

Utawapata, mama, kwa sababu wafanyabiashara huweka akiba, ila fahamu kwamba watakuwa wamevuliwa kabla ya katikati ya Mei, na baadhi yao walianikwa mvua zikinyesha. Usinunue gunia kwa kutazama juu tu. Mwambie muuzaji aingize mkono hadi chini akutolee wa katikati. Mvunje mmoja: mkavu anakatika kwa mlio, mbichi anapinda. Mnuse sehemu ya tumbo, na kama ana unga wa kijivu au vijidudu, mrudishe. Ukipata wazuri, waanike tena juani siku moja kabla ya kuondoka, uwafunge katika kiroba kinachopitisha hewa, na usiwaweke kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu ukitoka ubaridi wa Kigoma ya Juni na kuingia joto na unyevu wa huku kwetu, watatoa jasho njiani na kufika Bagamoyo wameshaota ukungu.